Si Gari Iliyotutupa

Mwanangu Nasri,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo baba? Umefikaje? Najua ninapoandika hivi bado uko hapa hapa Dubai, nyumbani Rigga, umelala kwenye kochi na mabegi yamekuzunguka, lakini barua hii nimeikusudia huko uendako, kwa hiyo acha nikusalimu kama mtu aliyekwisha kufika. Kifua chako vipi? Masikio yanauma kwa baridi? Siku utakayovaa lile koti la buluu kwa mara ya kwanza utatia mkono mfuko wa ndani, na karatasi hizi utazikuta humo. Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio hauko sawa.

Ningekutumia kwa simu, lakini nakujua. Ungeona ni refu, ungenijibu "sawa Ma" kabla hujafika mstari wa tatu.

Naandika ndani ya gari ya madam wangu wa kazini, kwenye maegesho ya chini ya jengo lao hapa JLT. Madam yuko juu kwenye mkutano. Amesema ni saa moja tu, na saa moja ya madam unaijua. Asr nimeswali kwenye kile chumba cha walinzi. Karatasi nimezichana kwenye daftari la hesabu la mtoto wake, Mungu anisamehe, nitamnunulia jingine.

Mambo ya kuvaa, ya kula, ya kuswali kwa wakati, ya kumpigia bibi yako kila Ijumaa, nimekwambia mpaka umeanza kuitikia kabla sijafungua mdomo. Siyarudii. Nataka kukwambia la gari.

Juzi ulipokuja jikoni na simu mkononi, ukanionyesha picha alizokutumia Twalib, yule atakayekupokea huko Kanada, nilikuwa nimefurahi kwamba bado unaniuliza mambo. Unakumbuka tulivyosema? Mimi nakumbuka kila neno.

"Ma, wewe ndiye dereva wa nyumba hii. Tazama. Twalib ana gari mbili za kuniuzia, nichague moja nikifika. Hii saluni inasukumwa na tairi za nyuma peke yake. Hii iliyoinuka inavuta zote nne."

"Na tairi zake?"

"Tairi zake zimefanyaje?"

"Zikoje?"

"Ma, tairi ni tairi. Saluni anasema ameifunga tairi za theluji mpya, zote nne. Hii nyingine ina za kawaida, zimetembea tembea kidogo. Lakini inavuta zote nne, Ma. Mimi gari ya kusukuma nyuma sipandi, wajua. Ndiyo ile ile iliyomtupa Baba. Hii haiwezi kunitupa."

Nikasema ngoja nikautazame wali. Wali nilikuwa nimeshauepua zamani.

Nasri, maneno hayo umeyachukua kwangu. "Gari ilitutupa." Ndivyo nilivyowaambia polisi, ndivyo nilivyomwambia bibi yako kwa simu, ndivyo nilivyowaambia wanawake wote waliokuja kunipa pole na vyungu vyao. Ni neno la kwetu, kila mtu hulisema. Hakuna Mswahili anayesema nilianguka na gari kwa kosa langu. Gari humtupa mtu, kama punda. Na mimi nikaona neno lile limeniachia mlango wazi, nikapita.

Wewe ulikuwa na miaka tisa. Unakumbuka tulikuwa tunakwenda Ras al-Khaimah, kwa mama Rukia, aliyekuwa na akika ya mtoto wake. Unakumbuka mvua, kwa sababu ulikuwa umetoa mkono dirishani na Baba akakwambia uurudishe ndani. Ulikuwa na biskuti magotini, zawadi ya kumpelekea mama Rukia, na ulikuwa unazila moja moja ukidhani hatukuoni. Baada ya hapo nadhani hukumbuki, na mimi ndiye niliyekujazia.

Sasa acha nikwambie yasiyokuwemo.

Ile saluni yetu ya kijivu ilikuwa inatengenezwa na fundi Haji, yule Mzanzibari mwenye gereji nyuma ya soko, aliyekuwa akikupa peremende. Wiki mbili kabla ya safari nilimpelekea kubadilisha oili. Akaizunguka gari, akachutama, akapitisha kiganja juu ya tairi la nyuma kama mtu anayempapasa mtoto kichwa.

"Mama Nasri, njoo hapa. Shika."

Nikashika. Laini kama sahani.

"Sasa nishike na mimi," akavua kofia, akainamisha kichwa chake. "Nani kazidi upara?"

Nikacheka. Na yeye akacheka, kisha akaacha kucheka. "Usifanye mchezo, dada yangu. Kukiwa kukavu hutaona kitu. Ikinyesha, gari hii haina pa kushika. Saizi yake sina leo. Njoo Jumamosi nikufunge nne mpya."

Nikamwambia inshallah. Lakini, mwanangu, ipo inshallah ya mtu anayemwachia Mungu jambo na ipo inshallah ya mtu anayetaka kuondoka. Yangu ilikuwa ile ya pili. Nyumbani nikamwambia baba yako Haji atatufunga tairi mpya. Jumamosi ikapita. Madam alikuwa na wageni. Jumamosi ya pili nilikuwa na nafasi, nilikuwa nimekaa tu nyumbani nikisuka nywele. Sikwenda. Nilijisemea Dubai hainyeshi, na nikipanda nasoma dua yangu, Mungu ndiye mlinzi. Nilimtwika Mola uvivu wangu nikauita kutawakali. Hilo ndilo linalonifanya nilie kwenye sijda mpaka leo, kuliko hata ajali yenyewe.

Siku ya safari ikanyesha. Baba yako, aliyekuwa bado mpishi pale mkahawani Rigga na Ijumaa ile alikuwa amebadilishana zamu kwa shida, akatazama dirishani akasema, "Mama Nasri, tuwapigie simu, twende wiki ijayo. Barabara ikilowa mara ya kwanza huwa sabuni."

Nikamjibu, "Nani dereva hapa, mimi au wewe?"

Nilisema kwa mzaha. Lakini ulikuwemo ujeuri. Wanaume wa jamaa zetu walikuwa wakimtania baba yako kwamba anaendeshwa na mke, naye hakujali, alikuwa akiwaambia, "Nyinyi mnajiendesha wenyewe, mimi nina dereva, nani tajiri?" Ndivyo alivyokuwa akinibeba. Akavaa viatu akapanda.

Na kosa jingine ni hili, nalo sijamwona mtu mwingine akilifanya isipokuwa sisi madereva wa watu. Wiki nzima nilikuwa naendesha ile gari kubwa ya madam, inayovuta zote nne, nzito, tairi zake hubadilishwa kabla hazijachoka. Ikipita kwenye maji haijui kama imepita. Ijumaa nikaingia kwenye saluni yetu, lakini mguu wangu ulikuwa bado uko kwenye gari ya madam. Ulikuwa ukikanyaga kama kule. Baba yako alisema "pole pole" mara mbili. Mara ya pili sikumjibu.

Tulipokaribia mzunguko wa barabara wa kuingilia mjini nikakanyaga breki. Hakukutokea kitu. Hapo ndipo nilipojua, Nasri, usukani ulikuwa mwepesi mkononi kama wa gari ya watoto ya kuchezea, tairi zilikuwa zimeacha lami zinaelea juu ya maji. Hata zingekuwa zinavuta zote nne, zingevuta nini? Tukapanda ukingo, tukaingia mchangani, gari ikalala ubavu upande wa Baba. Wewe ukalia, nikashukuru, kwa sababu anayelia yuko hai. Baba hakulia. Alikuwa anasema "Nasri mzima? Nasri mzima?" na mguu wake uko chini ya mlango.

Watu wakasimama, wakamtoa, wakamlaza mchangani kusubiri ambulansi. Mimi nilikuwa nimekukumbatia wewe nimekuziba macho.

Hospitali, siku ya tatu, baada ya kumfunga vyuma gotini, tulikuwa wawili tu chumbani. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza chumvi.

"Mama Nasri, zile tairi Haji alizibadilisha?"

Nikamwambia, "Ndiyo."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Alhamdulillahi." Akafumba macho. Hakuniuliza tena.

Basi nikawa sina budi kuulisha ule uongo kila siku ili usife. Walioniuliza imekuwaje, nikasema gari za kusukuma nyuma ndivyo zilivyo, hazina mshiko, zinatupa watu. Haji alikuja hospitali na machungwa, akanipa pole, na machoni mwake niliona anajua. Sikurudi gereji kwake. Nikahamia fundi mwingine mbali, na wewe ukawa unaniuliza mbona hatuendi tena kwa babu wa peremende.

Na Baba akawa hawezi kusimama mbele ya moto kutwa nzima. Mpishi asiyeweza kusimama atafanya kazi gani? Akarudi Mombasa, anapima mchele dukani kwa ami yako akiwa amekaa kwenye kiti. Mimi na wewe tukabaki. Miaka kumi na mmoja umemwona babako likizo kwa likizo. Mechi zako za mpira hakuziona. Ulipobaleghe, mambo ya kiume ulimuuliza kwa simu huku mimi nikijifanya nafua nguo. Yote hayo, mwanangu, yalianzia Jumamosi moja nilipokuwa nasuka nywele.

Nilidhani nitakufa nalo. Tena nilijidanganya kwamba kufa nalo ni sitara, kwamba kufunika aibu ni jambo jema. Lakini juzi ulipoiangalia ile picha ukasema "hii haiwezi kunitupa," niliona uongo wangu unapanda ndege na wewe. Unakwenda nao kwenye barafu. Utaichagua gari yenye tairi zilizochoka na kuiacha yenye tairi nzima, kwa ajili ya neno nililolisema mimi ili watu wasinitazame vibaya.

Kwa hiyo leo mchana, kabla ya kushika kalamu, nimempigia baba yako. Nilitaka ajue yeye kwanza. Alikuwa dukani, nasikia mtu anaitisha kilo mbili za maharage. Nikamwambia jifiche pahali nina neno. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, mpaka ile "ndiyo" ya hospitali.

Nikasikia anavuta kiti, anakaa.

Akasema, "Mama Nasri, unakumbuka gari ililala vipi?"

Nikasema ubavu.

"Mimi nilipolazwa mchangani, ile tairi ya nyuma ilikuwa usoni mwangu. Laini, haina hata mstari mmoja. Sikuwa na kitu kingine cha kutazama mpaka ambulansi ilipokuja."

Nikamuuliza, basi kama ulijua, pale hospitali uliniuliza nini?

"Nilikupa nafasi," akasema. "Ukaniambia ndiyo, nikasema hayuko tayari, nitangoja."

"Miaka kumi na mmoja?"

"Mimi nimekaa kwenye kiti, nina haraka gani?" Akacheka kile kicheko chake, kisha sauti ikabadilika. "Sikukasirikia tairi. Nilikuwa nakasirika kila mara mtoto wetu akisema gari ilimtupa Baba, na wewe umekaa pale unamwacha. Mwambie. Mwambie kabla hajanunua gari."

Ndiyo hii ninakwambia.

Sasa kuhusu gari yenyewe. Mimi theluji nimeishika mara moja tu, ile ya ndani ya mall, nilipowapeleka watoto wa madam kuteleza. Sikutaka kukushauri kwa kubahatisha, nimekwisha kukuharibia vya kutosha. Yuko sir mmoja anakaa jengo hili, mzee kutoka Ufini, kila siku hunisalimia hapa maegesho. Leo nimemsimamisha nikamuuliza, mwanangu anakwenda kwenye baridi, achukue gari ya kusukuma nyuma au ya kuvuta zote nne? Akatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa malapa yangu ya kutilia udhu, nimetoka kuswali.

Akasema, "Madam, bafuni kukilowa, ukiwa na malapa haya unateleza?"

Nikamwambia sana.

"Ukipewa miguu minne, yote na malapa haya haya, hutateleza?"

Nikacheka. Nikamwambia nitateleza miguu minne badala ya miwili.

"Khalas, yamekwisha," akasema yule Mfini, kama Mwarabu. Kisha akanieleza vizuri, nami nakueleza nilivyoelewa. Kuvuta zote nne kunakusaidia kuondoka. Kwenye mlima, kwenye theluji nene, utang'oka pale mwenzio wa kusukuma nyuma amekwama anazungusha tairi mahali pamoja. Hilo ni kweli na si dogo. Lakini kusimama, gari zote ni sawa, zote husimama kwa tairi. Na kwenye kona vilevile. Akasema ubaya wa ile ya zote nne ni kwamba inaondoka vizuri mno, inakufanya uamini barabara, mpaka pale unapotaka kusimama ndipo unapojua barabara ilikuwa na barafu tangu mwanzo. Aliposema hivyo nilishika mlango wa gari. Alikuwa ananisimulia mimi.

Ile ya kusukuma nyuma, anasema, ina adabu yake. Nyuma ni nyepesi, ukikanyaga mafuta kwa pupa kwenye kona mkia unatoka, na kwenye mlima itakuaibisha. Watu wa kwao huweka mifuko ya mchanga kwenye buti kuipa uzito. Lakini inakwambia mapema. Ukiondoka tu unaisikia inateleza, unajua leo ni siku ya kwenda taratibu au ya kubaki nyumbani.

Nikamuuliza yeye angechukua ipi. Akasema kama zote mbili zingekuwa na tairi nzuri za theluji, angechukua ya zote nne asifikiri mara mbili. Lakini kati ya nyuma yenye tairi nzima za theluji na zote nne yenye tairi zilizotembea, mwanawe angempa ile ya nyuma.

Sikwambii uchukue ipi, baba. Nimekuchagulia mengi, na mengine kwa uongo. Ukiitaka ile iliyoinuka, ichukue, lakini usiiwashe hata kwenda msikitini mpaka ifungwe tairi za theluji zote nne. Na ukiichukua saluni, usiione kama muuaji. Ile yetu haikumtupa mtu. Ilikwenda ilikopelekwa, na aliyeipeleka ni mimi. Miaka yote nimesema gari ilitutupa. Leo naandika kwa mkono wangu: mimi ndiye niliyewatupa, wewe na baba yako.

Sikuombi unisamehe leo. Huenda ukaisoma hii ukakaa nayo siku nyingi, na ukiwa na hasira ni haki yako, hata Baba alikuwa nayo. Kitu kimoja tu nakuomba ukichukue kwangu, kwa kuwa nimekipata kwa gharama ya goti la mtu mwingine. Siku utakayokosa, na utakosa, sema siku hiyo hiyo, kabla neno halijapata miguu. Mtu atakayekuuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza chumvi, ujue anakupa nafasi. Ichukue.

Nimemaliza karatasi, na madam amepiga simu, anashuka. Kesho baada ya swala ya Ijumaa nitakupeleka uwanja wa ndege, nitaendesha pole pole, na wewe utanitania kwamba nimezeeka. Sitakwambia kwa nini, utakuja kujua ukivaa koti. Njia nzima nitakuwa nakuombea, na tairi nimezitazama mwenyewe, leo asubuhi, kwa kiganja.

Ukifika, mpigie baba yako kabla yangu. Jumamosi nimenuia kwenda gereji kwa fundi Haji, sijui nitasema nini, lakini nitakwenda.

Nijibu, Nasri. Usichelewe. Hata kama ni mstari mmoja, hata kama ni wa hasira. Na utakapoamua, usinitumie picha ya gari. Chutama, piga picha ya tairi, unitumie hiyo.

Mamako,
Mwanakombo